Kodi ya gari ilipunguzwa kwa shangwe California, mji wa Jurupa Valley ukazaliwa mfuko wake ukiwa umeshatobolewa (uzi mrefu kidogo)

Dereva wa Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Nimeegesha Mira Loma, ndani ya mji wa Jurupa Valley, mashariki ya Los Angeles, mwendo wa saa moja kama barabara haijafunga. Nasubiri ghala liniite nipakiwe mzigo. Hapa kusubiri saa nne ni kawaida, kwa hiyo leo nashusha uzi niliouweka kiporo tangu mwaka jana.

Wiki hii nimeletewa barua ya kulipia gari langu dogo, lile la kwendea sokoni, siyo lori. Huku kila mwaka unalipia usajili, ukishalipa wanakutumia stika ndogo unaibandika kona ya juu kulia ya kibao cha namba cha nyuma. Watu wengi wanaangalia jumla ya chini, wanatukana kidogo, wanalipa. Mimi safari hii nilikaa mezani na chai nikasoma mstari kwa mstari. Ipo ada ya usajili wenyewe, ipo ya askari wa barabara kuu, vipo vijisenti vya kaunti. Halafu ipo mistari miwili. Wa kwanza unaitwa ada ya leseni: dola 47. Wa pili ni ada ya kuboresha usafiri.

Huo wa kwanza ulishiriki kumng'oa gavana madarakani. Huo wa pili una mkono wake katika kuokoa miji minne iliyokuwa inakata roho, ukiwemo huu nilioegesha ndani yake.

Mtoto wa Kariakoo

Mkuu tiririka. Nimeshaweka kambi, na karanga ninazo.

Dereva wa Usiku

Haya. Zamani gari California lilitozwa kodi ya mali kama nyumba. Wakadiriaji wa kila kaunti walikuwa wanazunguka kuthamini magari, na gari si nyumba. Leo lipo hapa, kesho limelala kwa shemeji kaunti ya pili. Mwaka 1935 jimbo likaja na sheria: acheni kuhangaika, tutakusanya sisi kwa kiwango kimoja jimbo zima, hela tunawarudishia. Hiyo ndiyo ada ya leseni. Tangu 1948 kiwango kilikuwa asilimia 2 ya thamani ya gari, na thamani inashuka kila mwaka kwa jedwali. Mwaka 1986 wapigakura wakaiweka hadi kwenye katiba ya jimbo kwamba hela ile ni ya miji na kaunti.

Kwa hiyo shikeni hili kabla hatujaendelea: aliyeandika sheria ni jimbo, anayekusanya ni jimbo, lakini hela ni ya mji. Inalipa polisi, zimamoto, mtu wa kufungua maktaba asubuhi.

Sasa njoo 1998. Kampuni za intaneti zinachemka, hazina ya jimbo imevimba. Gavana Pete Wilson na bunge wakakubaliana kupunguza ada. Walianza na robo, na kufikia 2001 punguzo likawa asilimia 67.5. Toka asilimia 2 mpaka 0.65. Gari la dola 20,000 la mwaka wa kwanza ambalo lilikuwa linalipa 400 sasa linalipa 130. Nani atakataa?

Na miji je? Jimbo likasema msihofu, kila dola tunayomsamehe mwenye gari tutailipa sisi kutoka hazina yetu. Fidia kamili.

Hapo ndipo mimi nilipoweka kikombe chini. Jimbo limemsamehe mtu deni la jirani, limepigiwa makofi, halafu likamwambia jirani "usijali, nitakulipa mimi". Siku lenyewe likifulia?

Bibi Harusi wa 1998

Lilifulia lini?

Dereva wa Usiku

Upesi kuliko walivyodhani. Kufika 2003 jimbo lilikuwa linazungumzia pengo la dola bilioni 38. Na ile sheria ya 1998 ilikuwa na kifungu: hazina ikikosa hela za fidia, ada inarudi ilipokuwa. Juni 2003 serikali ya Gavana Gray Davis ikatamka kwamba hela hakuna. Ada ikarudi asilimia 2, kuanzia Oktoba 1.

Angalieni tarehe hizo. Fidia kwa miji ilisimama mara moja. Lakini mwenye gari hakuanza kulipa kiwango kipya mpaka Oktoba. Katikati hapo ni miezi ambayo jimbo halilipi na dereva naye halipi. Mhasibu wa mji mdogo amekaa na bajeti aliyokwisha kuipitisha, mishahara ya askari inadaiwa kila wiki mbili, na chanzo kimekauka pande zote mbili. Pengo hilo lilikuwa kama dola bilioni 1.3. Jimbo likaliita mkopo. Mkopo ambao mkopeshaji hakuombwa! Lililipa baadaye, sawa, lakini mjaribu ninyi kumwambia mwenye nyumba wenu hivyo.

Kwa mwananchi kilichoonekana ni kimoja tu, bili imepanda mara tatu. Arnold Schwarzenegger, yule mcheza sinema, alikuwa kwenye kampeni ya kumwondoa Davis, na yule bwana anajua kamera. Pale Costa Mesa walidondosha bonge la chuma kutoka kwenye kreni juu ya gari kuukuu, likapondeka mbele ya waandishi. Oktoba 7 Davis akaondolewa kwa kura. Novemba 17 Schwarzenegger akaapishwa kuwa gavana, na siku hiyohiyo akaifuta nyongeza.

Sikilizeni, simwonei huruma Davis sana, matatizo ya umeme na mengine yalishamchosha kwa watu. Ila ningependa kujua ni wangapi kati ya walioshangilia pale Costa Mesa walijua kwamba lile gari lililopondwa lilibeba mshahara wa askari wa mtaani kwao.

Mtoto wa Kariakoo

Sasa kama amefuta nyongeza, miji italipwa na nani? Pengo la bilioni 38 si liko palepale?

Dereva wa Usiku

Swali la dola bilioni 4 kwa mwaka hilo, maana ndiyo bei yake. Desemba akatumia madaraka ya dharura kupeleka dola bilioni 2.65 kwa miji na kaunti bila kusubiri bunge. Mwaka 2004 wakafanya kubadilishana: miji iache kudai fidia ya ada ya gari, badala yake ipewe sehemu kubwa zaidi ya kodi ya majengo. Na Novemba 2004 wapigakura wakapitisha Pendekezo la 1A ili jimbo lisiwe linachota mifuko ya serikali za mitaa linavyojisikia.

Kwa miji iliyokuwepo, mpango ule haukuwa mbaya hata kidogo. Fungu lile linakua kadiri thamani ya majengo inavyokua.

Kwa miji iliyokuwepo, nasema.

Nyanya wa Alexandria

Naomba niingilie kabla hujaenda mbali. Mimi niko Virginia, na sisi kisa chetu ni pacha wa hicho, ila mama yao mbalimbali. Huku kodi ya gari ni ya mji au kaunti yenyewe, wao ndio wanapanga kiwango na wao ndio wanaleta bili. Mwaka 1997 Jim Gilmore aligombea ugavana kwa wimbo mmoja tu, nitafuta kodi ya gari. Akashinda. Sheria ya 1998 ikasema jimbo litamlipia mwananchi sehemu ya bili kwa dola 20,000 za mwanzo za thamani ya gari: kwanza asilimia 12.5, kisha 27.5, kisha 47.5, kisha 70, halafu 100 tumalizane.

Haikufika 100 mpaka leo. Iliganda 70. Mwaka 2004 wakaweka kikomo: kuanzia 2006 jimbo linatoa dola milioni 950 kwa mwaka, basi, mgawane. Milioni 950 ilikuwa nyingi wakati ule. Idadi ya magari imepanda, bei imepanda, namba ile haijasogea. Kwa hiyo kwenye bili yangu ule mstari wa "punguzo la jimbo" unakonda kila nikizeeka.

Na 2022 bei za magari yaliyotumika ilipolipuka, tuliona kichekesho: gari limezeeka mwaka mzima, limepata na mkwaruzo, kodi imepanda. Watu walikwenda kugombana na kaunti, wala si na jimbo. Mabinti wale wa dirishani wanajibu kwa upole kwamba kiwango hawajapandisha. Kweli hawajapandisha. Lakini wewe unaangalia bili, mwisho una nembo ya kaunti.

Dereva wa Usiku

Shikamoo Nyanya. Hiyo ya nembo kwenye bili umeniwahi, nilikuwa naielekea.

Nyanya wa Alexandria

Marahaba mwanangu. Endelea, na ule kitu, usikae na njaa hapo.

Kijana wa Houston

Sisi Texas wametufutia ukaguzi wa usalama wa gari dogo tangu Januari 1, 2025. Hakuna tena kupeleka gari gereji kuchekiwa breki na taa. Ila ile ada ya dola 7.50 ya jimbo imebaki palepale kwenye usajili, imebadilishwa jina tu. Huku tumefutiwa kazi, bei ikaachwa 😂

Dereva wa Usiku

Hahaha. Haya turudi Mira Loma.

Hii sehemu niliyopo kabla ya 2011 haikuwa mji. Ilikuwa vijiji vilivyoshikamana chini ya kaunti ya Riverside: Mira Loma, Glen Avon, Pedley, Rubidoux na wenzao. Watu kama 95,000. Mpaka leo unaweza kukutana na mtu amepanda farasi kando ya barabara huku malori yanapita, na farasi hashtuki. Maghala yameota kila upande, na wakazi walichoka kupangiwa mambo yao na ofisi ya kaunti iliyo mbali. Machi 2011 wakapiga kura tuwe mji. Wakashinda. Siku ya kuzaliwa mji ikapangwa Julai 1, 2011.

Sasa mji mpya ulikuwa unaponea wapi? Ukikumbuka, ule ubadilishanaji wa 2004 ulikokotolewa kwa miji iliyokuwepo 2004. Mji uliozaliwa baadaye hauna fungu lile la kodi ya majengo. Bunge liliona shimo hilo, na 2006 likatunga sheria: miji mipya itapewa mgao maalumu kutoka kwenye kile kibaki cha ada ya leseni, zile asilimia 0.65. Kwa sheria hiyo Menifee na Wildomar wakawa miji 2008, Eastvale 2010. Wote wa kaunti hii ya Riverside. Walipiga hesabu, wakaona hela inatosha kumlipa sherifu wa kaunti awalindie mji kwa mkataba, wakaenda kwa wapigakura.

Jurupa Valley nao walipiga hesabu hiyohiyo.

Mwishoni mwa Juni 2011, siku chache tu kabla ya Julai 1, jimbo likapitisha sheria iitwayo SB 89. Kile kibaki cha ada ya leseni kilichokuwa kinakwenda kwenye miji kikahamishwa chote. Kikaenda kulipia ruzuku za polisi na ulinzi wa mitaa, sehemu ya mpango wa Gavana Jerry Brown wa kuhamishia kaunti majukumu ya wafungwa. Maana yake mji unanyang'anywa hela ambayo ungewalipia polisi wake, ili jimbo ligharamie mifuko ya polisi. Nilisoma mara tatu nikidhani sijaelewa Kiingereza.

Miji mikubwa ilikuna kichwa, ikasonga mbele, maana kwao kibaki kile kilikuwa kidogo. Kwa hii minne ilikuwa ndiyo uti wa mgongo. Jurupa Valley ilipoteza zaidi ya dola milioni 6 kwa mwaka kabla haijafungua mlango wa ofisi. Mtoto anazaliwa Ijumaa, maziwa yamekatwa katikati ya wiki.

Mtoto wa Kariakoo

Aisee. Na lile Pendekezo la 1A la kuzuia uchotaji?

Dereva wa Usiku

Lilizuia mlango, likasahau dirisha. Linasema ukishusha kiwango chini ya 0.65 lazima ufidie. Kiwango hakikushuka chini ya hapo. Wewe dereva uliendelea kulipa mstari uleule. Kilichoiumiza miji ni upande wa pili wa karatasi, hela inapokwenda, na huo haujachapwa.

Ndiyo maana hakukuwa na kelele. Mwaka 2003 bili ilipanda, gavana akaondoka. Mwaka 2011 ada ile haikupanda, miji minne ikakabwa koo, na ukimuuliza mtu wa Los Angeles hana habari.

Waliishije? Walipunguza askari wa mkataba, kazi za mji zikafanywa na wafanyakazi wachache wa kukodi, deni la huduma kwa kaunti likawa linapanda. Wabunge wa huku wakapeleka miswada ya kurekebisha, Brown akaipiga turufu zaidi ya mara moja. Mwaka 2014 baraza la Jurupa Valley likafikia kuanzisha mchakato wa kuuvunja mji urudi kwenye kaunti. Mji wa miaka mitatu unaandika wosia! Mwaka 2015 jimbo likalegeza, madeni ya miji ile kwa kaunti, karibu dola milioni 24, yakasamehewa kwa mpango ambao jimbo nalo liliisamehe kaunti. Lakini mapato yenyewe hayakurudi.

Mla Koroboi

Wakuu, nasoma kutoka Morogoro. Hii imenikumbusha rodi laisensi yetu. Ile stika ya kwenye kioo, trafiki anainama anasoma tarehe kwanza kabla ya salamu. Bajeti ya Juni 2017 Waziri Mpango akaifuta. Tulishangilia kama tumefunga goli. Malipo yake ikawa nyongeza ya shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli, NA mafuta ya taa.

Mafuta ya taa, walisema ni kuzuia uchakachuaji. Sawa. Lakini bibi yangu hana hata baiskeli, na akawa analipia stika ya gari la jirani kila akijaza koroboi. Jina langu la hapa jukwaani ndipo lilipotoka.

Kijana wa Houston

Kwani rodi laisensi ilikuwa hela ya halmashauri?

Mla Koroboi

Hapana, ilikuwa inakusanywa na TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, kwa hiyo halmashauri hazikuumizwa hapo. Ziliumizwa pembeni. Mwaka uliotangulia kodi ya majengo ilishahamishiwa TRA, 2017 mabango nayo yakafuata, na Julai 2017 ikaanzishwa TARURA, wakala wa serikali kuu wa barabara za vijijini na mijini, ikachukua barabara za halmashauri. Maegesho ya mjini nayo yakaenda TARURA. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa anaulizwa shimo la barabara, anaonyesha kidole. Diwani anaulizwa, anaonyesha kidole. Mimi niliwahi kufuatilia kalvati moja mtaani kwetu miezi saba, kila ofisi ilinielekeza ofisi nyingine, na nilipomaliza mzunguko nikajikuta kwa yule wa kwanza. Alinikumbuka! Akanipa kiti.

Mwananchi 047

Huku Kenya vita ni hivyohivyo wadau. Magavana na wabunge walivutana kweli kuhusu shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa mafuta wa kukarabati barabara, za mwaka wa fedha 2024/25. Wabunge wanasema hizo ni zetu, magavana wanasema barabara za kaunti ni zetu. Na mafuta mwananchi ashalipia kwa pampu, shilingi 25 kila lita. Pesa zilikuwepo, ni mwenye kuzishika ndiye hakujulikana.

Dereva wa Usiku

Mla Koroboi, hiyo ya kupewa kiti imenichekesha peke yangu kwenye lori, jirani ananiangalia.

Namalizia maana foleni inasogea. Aprili 2017 jimbo lilitaka kupitisha sheria kubwa ya barabara, SB 1: senti 12 zaidi kwa galoni ya petroli, pamoja na ada mpya ya gari ya kati ya dola 25 na 175 kwa mwaka kulingana na thamani. Ndiyo ule mstari wa pili kwenye barua yangu. Ilihitaji theluthi mbili. Kwenye seneti ilipita kwa kura 27, yaani idadi ileile iliyotakiwa, hakuna hata moja ya akiba.

Ukiwa na kura isiyo na akiba, kila seneta ana bei. Seneta Richard Roth wa Riverside aliunga mkono, na kaunti ikapata miradi ya barabara ya dola milioni 427. Mwezi uliofuata Brown akatia saini SB 130: Eastvale, Menifee, Wildomar na Jurupa Valley wakaanza kupewa fungu la kodi ya majengo kama wenzao. Miaka sita ya kulia, ikamalizwa na kura moja iliyotafutwa kwa jambo jingine kabisa.

Bibi Harusi wa 1998

Kwa hiyo wewe unaunga mkono nini? Kodi iwepo isiwepo? Maana umezunguka.

Dereva wa Usiku

Dada, mimi dola 47 sizipendi. Kwa asilimia 2 ningelipa 144 na ningetukana zaidi. Jimbo likitaka kufuta, lifute. Ila lifute ya kwake. Ikiwa ni ya mji, mji ndio usimame jukwaani useme tumefuta, na mji huohuo uje wiki ijayo utuambie zamu ya polisi ipi imekatwa. Kinachonikera ni mmoja kukata utepe na mwingine kufagia karatasi. Na fidia ya kuandikwa kwenye sheria ya kawaida mimi siihesabu kama hela, nilishaona hapa inafutwa ndani ya wiki moja na jimbo lilelile lililoiandika.

Nyanya wa Alexandria

Nakuunga mkono nusu. Hiyo miji nayo ingejifunza kutotegemea sahani moja. Wanaanzisha mji kwa hela ya mtu wa pili, halafu wanashangaa.

Dereva wa Usiku

Nyanya, hapo sina jibu zuri. Sheria ya 2006 iliwaambia itakuwepo, wakaamini. Ningekuwa mimi nami ningeamini, nadhani.

Mtoto wa Kariakoo

Na huo mji sasa hivi unaonekanaje? Toa picha basi.

Dereva wa Usiku

Simu ina asilimia 9. Nikieleza tu: mbele yangu malori kumi na moja, kushoto ukuta wa ghala usioisha, kulia uzio wa mbao na nyuma yake farasi mmoja wa kahawia anakula majani. Gari la sherifu limepita mara mbili tangu nianze kuandika, na ubavuni limeandikwa jina la mji. Huyo wa mbele yangu ameingia mlangoni. Wananiita namba 14, nitajibu wengine usiku nikifika Barstow.